Mzee Aliyesoma Kutoka Chini

Ukimuuliza saa ngapi, hakukujibu hapo hapo. Aliinuka, akaingia chumba cha ndani, akakaa huko mpaka ukaanza kujuta kwa nini umeuliza, kisha akatoka na jibu lenye sehemu mbili.

"Saa nne na dakika kumi na moja. Na ninakosea, ila ninajua ninakosea kiasi gani."

Mama wa genge la jirani alikuwa ameuliza tu ili ajue kama muda wa kubandika maharage umefika. Aliondoka akicheka, mabega yakimtikisika. "Huyu nshomile atatuua. Nimeomba saa, amenipa saa na maungamo."

Nshomile ndilo jina ambalo watu wa Mwanza huwatania nalo Wahaya waliosoma, au wanaodhaniwa wamesoma. Yeye hakulikataa. Watu wa Buhongwa walikuwa na jina lao jingine kwa ajili yake, Mzee wa Antena, kwa sababu ya kile kidude cheupe kama uyoga kilichosimama juu ya bati lake, ambacho korongo walikipenda kuliko mti wowote. Kila asubuhi alitoka na fimbo ndefu ya kutungulia mapapai kuwafukuza. Mahali alikozaliwa na ukoo wake wapo wengine watakaoeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nilimjua kwa kazi yake, na kazi yake ilikuwa saa.

Niseme kwanza kazi yenyewe, maana kwa muda mrefu hata mimi sikuielewa. Kompyuta haijui saa. Ndani yake kuna kitu kinachohesabu, lakini kinahesabu kama mtu anayesinzia. Leo kinatangulia kidogo, kesho kinabaki nyuma. Kwa hiyo kompyuta huulizana. Hii inaiuliza ile, kwako saa ngapi? Ile inajibu. Hii inapima swali lilitumia muda gani kwenda na kurudi, inagawa kwa mbili, halafu inajirekebisha taratibu. Iko programu inayofanya kazi hiyo mchana na usiku, na watu wengi wanaoitumia hawajui kama ipo. Ni programu huria. Yeyote anaweza kuisoma, kuichukua, na kutuma marekebisho, na wanaoitunza wametawanyika duniani, kila mmoja na kipande chake, bila mshahara.

Kipande cha mzee kilikuwa kile kinachoiwezesha programu kuelewana na aina moja ya risiva ya zamani, inayopokea saa kutoka kwenye satelaiti. Kikichapwa kilijaza kurasa kumi na nne. Alikiandika mwenyewe na akakitunza mwenyewe kwa miaka mingi, kwenye chumba ambamo mke wake alishonea sare za shule.

Nilikutana naye nikiwa fundi wa madishi. Wakati huo nilikuwa nimeshakuwa vitu vingi. Niliacha shule kidato cha pili, si kwa ujinga wala kwa ukorofi. Nilichoka kila swali langu kukatwa na kengele. Nikaanika dagaa Ukerewe, nikatengeneza simu Kisesa, nikaendesha jenereta kwenye ukumbi mmoja Usagara mpaka ukumbi ukafungwa. Nilikuwa mtu wa kuhama na begi moja. Siku hiyo mzee aliniita nipandishe ile antena juu ya bati, nikapandisha, nikafunga, nikaanza kushuka.

"Waya una urefu gani?" akaniuliza kutoka chini.

"Kama mita thelathini, mzee."

"Kama?"

"Thelathini."

"Umepima?"

"Nimekadiria kwa macho."

"Ufungue wote. Shuka nao."

Alinifanya niulaze waya wote uani, kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye jiwe lile kubwa lililo nyuma ya nyumba, na nikaupima kwa tepu ya fundi cherehani, mita moja na nusu kwa mara, yeye akiandika kwenye daftari. Ukatoka mita ishirini na saba na kidogo.

"Umeona? Kwenye waya ishara inatembea, na kutembea ni muda. Mita karibu tatu za uongo. Ungenifanya niidanganye dunia nzima kwa sababu wewe umekadiria kwa macho."

Nilidhani ana wazimu kidogo. Nikamuuliza, huo muda wa mita tatu ni mkubwa kiasi gani? Akasema ni mdogo hata hauwezi kuuwazia. Nikamuuliza, sasa kama ni mdogo hivyo, dunia itajuaje? Akaniangalia kwa furaha, kama mtu aliyengoja swali hilo miaka, akamwita mke wake alete chai. Sikuondoka mpaka jioni, na hakuna kengele iliyolia.

Mke wake tulimwita Mama, wote, hata waliomzidi umri. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na alisema aliichagua makusudi, kwa sababu umeme wa nyumba hiyo ulikuwa na mwenyewe. Chini ya meza ya mzee kulikuwa na betri ya lori ili mashine yake isizime umeme ukikatika. Kwa hiyo mtaa ulipokuwa gizani, nyumba nzima nayo ilikuwa gizani isipokuwa taa moja ndogo ya kijani. "Angekuwa mlevi," Mama aliniambia siku moja akiuma uzi, "ningejua nimpeleke wapi wamwombee. Sasa huyu nimpeleke wapi?"

Majirani walikuwa na hakika kwamba analipwa dola. Hawakuona sababu nyingine ya mtu mzima kukaa ndani hivyo. Mama wa genge alimwambia Mama waziwazi kwamba zile dola zimefichwa, na kwamba wanaume wa aina hiyo hufa ndipo mtu anagundua kuna nyumba nyingine Bukoba. Mama alicheka, lakini nadhani aliwahi kuuliza.

Mimi nilimuuliza mzee moja kwa moja kwa nini anafanya bure.

"Nani kakwambia bure? Hiyo simu unayochezea, ndani yake kuna kazi za watu elfu ambao hutawaona. Huwa unawalipa?"

"Siwajui, mzee."

"Nao hawanijui. Hii ni zamu yangu tu. Kwenye jumuiya, siku ya zamu yako ya kufagia kanisa, unafagia. Huendi nyumba hadi nyumba kuuliza nani ameleta mchanga."

Kabla ya kompyuta alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni. Huko ndiko alikotoa mwendo wake wote. Walipanga herufi za madini ya risasi kwa mkono, moja moja, kinyume, kama unavyoziona kwenye kioo, ili zikigonga karatasi zisomeke sawa. Karatasi ya kwanza ilipotoka, msahihishaji aliisoma kuanzia mstari wa mwisho kupanda juu. Alinieleza sababu. Ukisoma kutoka juu, maana inakubeba, na macho yanakuonyesha kilichotakiwa kuwepo badala ya kilichopo. Ukisoma kutoka chini hakuna maana ya kukubeba. Unabaki na mstari peke yake, na mstari peke yake hauwezi kujificha. Kulikuwa na sheria ya pili pia, aliitaja siku hiyo hiyo tukiwa tunakunywa chai: aliyepanga ukurasa haruhusiwi kuusahihisha. Hata awe nani. Hata awe padri.

Hivyo ndivyo alivyosoma marekebisho ya programu, ambayo wenyewe tuliyaita viraka. Kiraka kilikuja kwa barua pepe kutoka kwa mtu asiyemjua, yeye akakichapa nyuma ya mitihani ya zamani ambayo Mama alipewa shuleni alikopeleka sare, akakaa na kalamu nyekundu, akaanza na ukurasa wa mwisho. Niliwahi kumwona akikataa kiraka ambacho wote kwenye kundi lao walikuwa wamekisifu. Mstari wa mwisho kabisa ulisahau kufunga kitu ulichokifungua. Wote walisoma kutoka juu, wakapendezwa, wakachoka kabla ya kufika chini. Mwenye kiraka alimshukuru. Mzee aliichapa barua ile ya shukrani na kuibandika ukutani, kisha akakana kwamba ameibandika yeye.

Na mtu huyu, mwenye saa sahihi kuliko zote kanda ya ziwa, alichelewa kila mahali. Alichelewa misa. Alichelewa mazishi mpaka akawakuta watu wananawa mikono wale. Harusi ya mpwa wa mke wake alifika kamati ikiwa inahesabu sahani. "Mzee wa Antena, leo satelaiti zimelala?" walimwuliza, naye akasema kwa utulivu kabisa kwamba alijua amechelewa kwa saa moja na dakika arobaini na mbili. Alikuwa mkarimu wa kila kitu. Ungeweza kumwomba koti lake likiwa mwilini na akakupa. Lakini umguse mstari mmoja katika zile kurasa kumi na nne, ungemwona mtu mwingine.

Hapo ndipo ugomvi wake na dunia ulipokuwa. Wenzake kwenye programu walitaka mambo yabadilike. Waliacha barua pepe wakahamia kwenye tovuti, ambako kiraka kinasomwa kwa kubonyeza vitufe. Alikataa kuhama. "Barua nikishaichapa, umeme ukatike wiki nzima nitaisoma tu." Wakataka kila kipande kiwe na majaribio yanayojiendesha yenyewe. Akasema jaribio lake liko juu ya bati. Wakataka maandishi yapangwe kwa mtindo mmoja. Akasema mtindo wake una umri mkubwa kuliko wao. Baadhi ya sababu zake zilikuwa nzuri, maana mtandao wa Buhongwa nyakati zile ulikuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Nyingine zilikuwa neno moja tu, sitaki. Nami kwa muda mrefu sikuweza kuzitofautisha, kwa sababu alizitamka kwa sauti ileile.

Aliyewasemea wenzake alikuwa mratibu mmoja, mwanamke, anayeishi nchi ya baridi. Mzee hakuwahi kumwona. Alimwita "wale wa ofisini". Barua zake zilikuwa za adabu, na kila moja ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Ya mwisho niliyoiona ukutani ilisema kwamba kuanzia toleo lijalo kila kipande lazima kiwe na watu wawili wanaoweza kukisoma na kukijibia. Kipande chenye mtu mmoja tu kingeondolewa. Mzee alijibu kwa mstari mmoja: "Saa inaenda sawa."

Kilichokuwa kinakwenda kuondolewa hakikuwa heshima yake peke yake. Kisiwani Ukerewe kulikuwa na kituo kidogo cha redio chenye risiva ya aina ileile. Niliifunga mimi, kwa maelekezo ya mzee, na nilipima waya. Mtandao wa pale haukuaminika, kwa hiyo kompyuta yao ilitegemea antena kwa saa, na kila saa kamili redio ililia mlio mmoja mwembamba ambao watu wa visiwa vya jirani walitegea saa zao. Shule ilifungua kwa mlio ule. Boti ya kwanza iliondoka kwa mlio ule. Kipande kikiondolewa, siku kompyuta yao ingehitaji toleo jipya, ile risiva ingekuwa chuma tu.

Sasa nieleze kiraka changu, maana hapo ndipo nami niliharibu.

Nilijifunza kusoma maandishi ya programu kwa kukaa karibu naye. Hakunifundisha. Nilikaa upande wa pili wa meza nikisoma kurasa alizomaliza, nikiuliza, naye akijibu au akinyamaza. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuona kitu. Ukurasa wa kumi na mbili kulikuwa na kosa.

Risiva hutamka saa kwa sentensi, lakini sentensi inachukua muda kufika kwenye kompyuta. Ikimaliza kutamka, ile saa iliyotamkwa imeshapita kidogo. Kwa hiyo programu inatakiwa kujumlisha ule muda wa kuchelewa. Mstari wa mzee ulitoa. Niliusoma mara kumi, nikauacha, nikaurudia kesho yake. Ulitoa. Nikaandika kiraka cha kwanza maishani mwangu, kilichobadilisha alama moja tu, nikamchapia mwenyewe na kumwekea mezani.

Alikisoma. Akakiweka chini ya cherehani.

"Saa inaenda sawa au haiendi?"

"Inaenda, mzee."

"Basi."

"Lakini mstari umekosewa."

"Mstari umekosewa na saa inaenda sawa. Nimwamini nani, wewe au saa?"

"Tukijaribu kwenye mashine yako dakika moja tu..."

"Mashine yangu inahudumia watu, kompyuta zao zinaiuliza saa. Si ya kujaribia."

Na ukiacha ile ya redio, ambayo nisingethubutu kuigusa, risiva ya aina hiyo Mwanza nzima ilikuwa moja, ya kwake. Sikuwa na mahali pengine pa kujaribia. Kila baada ya miezi kadhaa nilikitoa kile kiraka chini ya cherehani nikakirudisha mezani, naye akakirudisha chini ya cherehani. Tulifanya hivyo karibu miaka mitatu. Mara ya mwisho nilimwambia kwamba hapendi ukweli, anapenda kuachwa bila kuguswa. Mama alisimamisha mguu kwenye cherehani. Mzee akasema, "Na wewe ambaye hujakaa mahali pamoja hata msimu mmoja, unataka kubadilisha kitu kilichosimama."

Nilibeba begi nikaenda Usagara. Nikakaa mwaka bila kumjulia hali.

Mama ndiye aliyenipigia. "Mwanangu, njoo. Mzee macho yameisha." Ilikuwa presha ya macho, na alikuwa akiikana kama alivyokana kuibandika ile barua ya shukrani. Nilifika mchana. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mashine ikiwaka, uso umeelekezwa mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani?"

Nikaweka begi chini. Akasikiliza kidogo.

"Ni fundi wa kukadiria kwa macho," akasema. "Kaa. Mimi siku hizi hata kukadiria siwezi."

Barua zilikuwa zimejaa, hazijasomwa. Nikamsomea. Toleo jipya lilibakiza siku chache. Mratibu alikuwa ameandika mara tatu, na katika barua ya mwisho aliomba wazungumze kwa simu ya video, hata kwa dakika kumi. Zamani mzee asingekubali. Safari hii alisema tu, "Piga. Nisikie hao wa ofisini wana sauti gani."

Nikashika simu mbele yake. Walizungumza Kiingereza. Kiingereza chake kilikuwa cha vitabu vya misheni, kirefu, chenye kuomba radhi kila baada ya sentensi. Mimi niliangalia kioo. Nikamnong'oneza, "Mzee, anakunja nguo."

"Nguo gani?"

"Za watoto. Kuna rundo kitandani. Anakunja huku anaongea."

Akamwuliza yule mwanamke, kwa adabu zake zote, kama ofisi yao haina mtu wa kumsaidia. Mwanamke akacheka mpaka akaweka soksi chini. Akasema hakuna ofisi. Hajawahi kuwa na ofisi. Asubuhi anauza mikate, mchana analala kidogo, na saa hii ndiyo anayoipata. Akasema hana hamu yoyote ya kukiondoa kipande cha mzee. Ila amechoka kuamka akiogopa kwamba siku moja mzee hatajibu barua, na kosa litakuwepo, na duniani kote hakutakuwa na mtu wa kumwuliza.

Simu ilipokatika, Mama akamwuliza mzee kama anataka chai.

"Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa nagombana na ofisi." Akapapasa meza. "Zichape zile kurasa. Zote kumi na nne. Anza na ya mwisho."

Nikaanza kumsomea kutoka chini. Ukurasa wa kumi na nne, mstari wa mwisho kabisa, kupanda juu. Nilitamka kila alama: jumlisha, fungua, funga, sawa na. Alisikiliza kwa kichwa kilichoinama upande. Mara moja moja alisema "rudia" na nikarudia. Tulipofika ukurasa wa kumi na mbili, mstari ule niliusoma kama mistari mingine, bila kuibinya sauti.

"Rudia."

"Saa sawa na saa ya risiva, toa ucheleweshaji."

"Toa."

"Ndiyo, mzee."

"Endelea."

Nikaendelea kupanda, nikiwa na hasira yangu ya zamani. Kumi na moja, kumi, tisa. Mama alikuwa akishona kola. Jua liliingia dirishani likafika kwenye meza. Ukurasa wa tatu, karibu na juu, kulikuwa na mahali ambapo programu inachukua ule muda wa kuchelewa kutoka kwenye mipangilio na kuutunza.

"Ucheleweshaji," nikasoma, "sawa na hasi, mipangilio ya..."

"Ngoja."

Nikangoja.

"Umesema hasi?"

Nikaangalia tena. Kijistari kile kifupi mbele ya neno. Nilikuwa nimekipita labda mara mia kwa miaka ile, nikisoma kutoka juu, maana ikinibeba.

"Imeandikwa hasi, mzee."

Cherehani ilisimama. Mzee aliweka viganja viwili juu ya meza kama anayetaka kuhakikisha ipo. Mimi nilikuwa naanza kuhesabu kichwani. Kutoa hasi ni kujumlisha. Hilo tulifundishwa kabla sijaacha shule. Pale juu aligeuza, pale chini akageuza tena, na jumla yake ilikuwa sawa kabisa. Kama kiraka changu kingepita, kingegeuza moja na kuacha nyingine, na saa ya Ukerewe ingekosea maradufu, kila saa kamili, kwa visiwa vyote.

"Mama," mzee akaita, "wiki uliyolazwa. Ile ya uvimbe."

"Imefanyaje?"

"Nilikuwa nakiandika hiki. Saa ilikataa kukaa sawa. Nilitafuta kosa pale chini siku tatu, sikuliona. Muda wa kuja kukuona ulikuwa unakaribia. Nikageuza alama huku juu, basi tu, nione. Saa ikakaa." Akacheka bila sauti. "Nilikuja hospitali nimefurahi, unakumbuka? Nilikuletea soda. Nikakwambia nimeitengeneza."

"Nakumbuka soda," Mama akasema. "Ulichelewa."

"Kama herufi za risasi," mzee akasema. "Kinyume, halafu kinyume tena. Inasomeka."

Nilihisi aibu na ahueni kwa pamoja. Nikamwambia, "Mzee, kumbe ulikuwa na haki kukataa kiraka changu. Kingeua saa ya redio."

Akanigeuzia uso kwa ukali, macho yake yakilenga bega langu.

"Usinipe sifa ambayo si yangu. Sikujua. Nilikataa kwa sababu sikutaka kuguswa. Kama ningekisoma kwa haki, siku ile ile tungeliona kosa la pili. Kule uchapaji hakuna aliyejisahihisha. Hata padri. Mimi nimejisahihisha peke yangu kwa miaka, nikawa naita uangalifu."

Kisha akasema, "Andika."

Nikaandika alivyonitamkia, kwa Kiswahili kwanza, halafu akanisaidia Kiingereza chake kirefu. Alisema kwamba alikosea mara mbili, na makosa yake yakasaidiana, na watumiaji wasiwe na hofu. Kwamba fundi mmoja aliona la kwanza karibu miaka minne nyuma na hakusikilizwa. Kwamba sasa wawili hao wanaleta kiraka cha mistari miwili. Kwamba kipande sasa kina watu wawili, na wa pili ni huyo fundi. Na mwisho: "Kiraka hiki asisome yeye aliyekiandika, wala mimi. Asome mtu mwingine."

Nilipofika kwenye neno lile, wa pili, vidole vilisita. Sijawahi kuandikwa mahali popote kuwa nipo. Mzee alisikia nimeacha kubonyeza.

"Unatafuta begi?"

"Hapana, mzee."

"Basi maliza."

Kabla ya kutuma tukakijaribu, juu ya ile mashine yake isiyoguswa. Yeye mwenyewe alisema tukijaribu. Tukasimamisha programu, tukaweka mistari miwili mipya, tukaiwasha, tukangoja itulie. Nikamsomea namba za zamani na namba mpya. Zilikuwa zilezile. Mchana mzima wa kazi, na hakuna kilichobadilika. Sijawahi kumwona amefurahi vile.

Kesho yake mratibu alijibu. Alikuwa amesoma, na hakueleza alianzia wapi, lakini alirudisha na sahihisho moja: katika maelezo yangu mafupi, kwenye mstari wa mwisho, nilisahau nukta. Mzee aliomba nimsomee barua hiyo mara mbili. Toleo lilipotoka, kipande kilikuwemo, na mbele yake majina mawili.

Jioni hiyo tulikaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele, yeye na fimbo yake ya kufukuzia korongo, ambayo sasa alinipa mimi. Mama wa genge akapita na sufuria kichwani. Alikuwa hajaniona tangu nirudi.

"Mzee wa Antena, saa ngapi? Maharage yangu yananingoja."

Mzee alinigeuzia uso.

Nikainuka. Nikaingia chumba cha ndani, nikaangalia, nikaangalia tena, nikasoma na ile namba nyingine iliyo chini yake ambayo zamani sikuwa naijali. Nilipotoka mama wa genge alikuwa ameshaishusha sufuria, mkono kiunoni.

"Saa kumi na mbili kasoro dakika nane, mama," nikamwambia. "Na ninakosea kidogo. Ngoja nikwambie ni kiasi gani."

Akaipandisha sufuria yake kichwani, akamtazama mzee, akanitazama mimi.

"Yesu na Maria," akasema. "Sasa wako wawili."